Mita 300 za uongo: ramani na picha za zamani za Lindi na Mtwara

Chukua karatasi ya ramani ya 1:50,000 yenye Lindi na ghuba yake, ipige skani, ipe koordineti zilizoandikwa pembeni, kisha iweke juu ya picha ya setilaiti ya leo. Ufukwe umehama. Barabara imehama. Hata milima imehama, yote kwa pamoja, kama mita 300 kwenda kaskazini na pungufu kidogo ya mita 100 kwenda magharibi. Aliyekuja kutafuta ushahidi kwamba bahari inakula pwani atakuwa ameupata kabla chai haijapoa. Ila milima hailiwi na bahari.

Kilichotokea ni hiki. Ramani zile zimejengwa juu ya datumu (msingi wa kupimia koordineti) ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu yako, GPS na picha za setilaiti zinatumia WGS84. Namba ileile ya koordineti inaangukia mahali tofauti kwenye kila mfumo. Kwa mikoa yetu miwili, ambayo karibu yote iko ukanda wa 37 Kusini wa UTM (gridi ya dunia inayohesabiwa kwa mita), ramani ya zamani ipe msimbo EPSG 21037 na data za leo EPSG 32737, halafu iache programu ibadilishe yenyewe. QGIS, programu ya bure ya ramani, ikikuuliza njia ya kubadilisha, chagua ile yenye namba tatu za Kenya na Tanzania (-160, -6, -302) au ile ya Tanzania peke yake (-175, -23, -303). Huku kwetu zinatofautiana kwa mita chache tu. Usikubali njia ya makadirio isiyo na namba, maana hiyo inakurudishia uhamo wa mita 200 na zaidi. Na usiiburute ramani kwa mkono mpaka "ikae vizuri". Ikikaa vizuri Lindi mjini, haitakaa Mingoyo, na miezi sita baadaye hutakumbuka uliiburuta kiasi gani.

Si kila karatasi ina gridi ya UTM. Soma maelezo ya chini kabisa ya karatasi yote, hata yale ya herufi ndogo. Ukikuta gridi nyingine usiyo na msimbo wake, achana na mistari ya gridi na utumie alama za latitudo na longitudo kwenye pembe nne. Karatasi moja huwa na dakika 15 kwa 15, yaani kama kilomita 27 kila upande. Angalia pia kontua, ile mistari ya kimo: matoleo ya zamani ni ya futi, na watu huzisoma kama mita bila kushtuka.

Kabla ya kompyuta, rula. Kwenye 1:50,000 kilomita 10 lazima ziwe milimita 200. Pima kwa urefu na kwa upana wa karatasi. Ukipata 198 upande mmoja na 200 upande wa pili, karatasi imenywea au nakala imevutwa, na hapo una kosa la mita 100 kila kilomita 10 ambalo halina uhusiano wowote na ardhi. Ramani iliyopigwa picha kwa simu mezani haifai kupimia hata uwanja wa mpira.

Halafu kuna mwaka. Mwaka uliochapishwa kwa herufi kubwa ni mwaka wa kiwandani. Unachohitaji ni mwaka wa picha za anga zilizotumika kuchora, nao huandikwa pembeni. Kati ya picha na uchapaji mara nyingi imepita miaka kadhaa, na katikati yake kuna watu waliokwenda uwandani kuuliza majina. Karatasi moja inaweza kuwa na nyakati tatu ndani yake: nyumba za mwaka wa picha, majina ya mwaka wa ukaguzi, barabara iliyoongezwa mwaka wa toleo la pili. Ndiyo maana, panapo uchaguzi, picha yenyewe ni bora kuliko ramani iliyotoka kwenye picha hiyo. Alama za "kichaka", "msitu" na "miti iliyotawanyika" ni uamuzi wa mchoraji aliyekaa mezani. Ukizilinganisha na ramani ya uoto ya leo unalinganisha maoni ya watu wawili.

Ramani za Wajerumani za 1:300,000, kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel, ni nzuri mno kwa majina na mbaya kwa vipimo. Nusu milimita kwenye karatasi ni mita 150 ardhini hata kama mchoraji hakukosea, na huko bara alichora kwa kufuata njia za misafara, kwa hiyo kosa huwa kubwa zaidi ya hapo. Tafuta Massassi, Ssudi, Mtschinga, Rowuma: tsch ni ch, dsch ni j, ss ni s. Na kumbuka vijiji vingi vya Kusini viliitwa kwa jina la mkubwa wake. Mkubwa akihama na watu wake, jina linahama naye. Jina kuonekana kilomita nane mbali na lilipo leo si lazima liwe kosa la Mjerumani.

Picha za anga nyingi za enzi ya ukoloni zilipigwa kwa ajili ya idara ya upimaji ya makoloni ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946 na kubadilishwa jina 1957 kuwa Directorate of Overseas Surveys. Mkusanyiko wake upo Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa ya picha za anga ya kule. Hapa kwetu anza na Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Ombi zuri linataja namba ya karatasi ya ramani, namba ya mstari wa ndege na namba ya picha. Ombi la "picha za Lindi za zamani" litarudi mikono mitupu. Ukipekua orodha, tafuta pia kwa "Jimbo la Kusini", ambalo makao yake yalikuwa Lindi mpaka 1952 yalipohamia Mtwara, na kwa "Mkoa wa Mtwara" hata kwa sehemu za Lindi, kwa sababu Lindi ilikuja kuwa mkoa peke yake mwaka 1971.

Miaka ya 1960 isiyo na picha za ndege inaweza kuzibwa na CORONA, setilaiti za kijasusi za Marekani zilizopiga picha kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma 1995. Zilizo bora zinaonyesha kitu cha mita 2 hivi. Lakini kamera yake ilifagia kutoka upande hadi upande, kwa hiyo ncha za filamu zimevutwa. Kata kipande kidogo unachokihitaji, cha katikati ikiwezekana, na ukifunge, yaani ukipe koordineti za ardhini, peke yake. Kuanzia 1972 kuna Landsat, ya bure, ila pikseli ya mita 30 (za mwanzo ni kubwa zaidi) haikuonyeshi mkorosho. Inakuonyesha shamba la mikorosho likishakuwa pori.

Hesabu ya picha ya ndege ni nyepesi na inafaa uifanye kabla ya kulipa skani. Skeli ni urefu wa lenzi gawanya kwa kimo cha ndege juu ya ardhi. Lenzi ya milimita 152 na kimo cha mita 6,080 ni 1:40,000. Picha ni sentimita 23 kwa 23, yaani kilomita 9.2 kila upande. Skani ya nukta 1,200 kwa inchi inakupa pikseli ya sentimita 85 ardhini, na faili la kijivu la karibu megabaiti 120. Ukishuka hadi 600 unapata mita 1.7. Kwa kazi ya mikorosho na nyumba nenda 1,200. Skana iwe bapa. Iskani picha yote mpaka ukingoni, kwa sababu zile alama ndogo za pembeni ndizo zinazoonyesha katikati ya lenzi, na ule ukanda mweusi wenye saa, kipimakimo na namba ni nusu ya thamani ya picha. Wapo wanaoukata ili picha "ipendeze".

Kuifunga picha kunahitaji pointi 15 hadi 20 zilizosambaa mpaka pembeni, na tano nyingine usizozitumia kufungia, za kuhakiki tu. Pointi nzuri ni kitu ambacho hakijahama wala kukua: boma la Mikindani lililojengwa 1895, majengo ya zamani ya misheni ya Ndanda, makutano ya mitaa ya mji wa Mtwara uliopimwa zama za mradi wa karanga wa Waingereza, daraja la zege, jiwe moja linalojitenga chini ya majabali ya Masasi. Pointi mbaya ni kona ya mto, ncha ya ufukwe wa mchanga, ukingo wa msitu, yaani kile kilekile unachotaka kupima kama kimebadilika. Kilele cha jabali nacho ni kibaya, kwa sababu inayofuata.

Picha ya ndege si ramani. Kilichoinuka kinalala kuelekea nje, mbali na katikati ya picha, na kiasi chake ni umbali kutoka katikati mara kimo cha kitu, gawanya kwa kimo cha ndege. Lindi mjini au tambarare ya Nachingwea hili halikusumbui sana. Ukingo wa Makonde ni habari nyingine. Tuseme kati ya kingo za uwanda pale Newala na bonde la Ruvuma pana mita 500, na ukingo uko milimita 80 kutoka katikati ya picha yetu ya 1:40,000. Zidisha 80 kwa 500, gawanya kwa 6,080: milimita 6.6, ambazo ardhini ni zaidi ya mita 260. Ukiifunga picha hiyo kwa kuinyoosha kibapa, shamba lililo juu ya ukingo litaonekana limeporomoka bondeni au limekimbilia ndani. Ukiongeza daraja la fomula ya kunyooshea (la kwanza linataka pointi 3, la pili 6, la tatu 10), wastani wa kosa utashuka na utafurahi, huku picha ikijikunja kati ya pointi kama mkeka uliolowa. Dawa ni kuinyoosha kwa data ya miinuko, ile ya SRTM ya 2000 inatosha, au kutumia picha zinazopandana: picha mbili za jirani kwenye mstari mmoja hushirikiana asilimia 60 ya eneo, na programu inaweza kujenga umbo la ardhi kutokana nazo. Kama huna njia hiyo, tumia sehemu ya katikati tu ya kila picha na utupe pembe. Ni kazi zaidi lakini ni ya kweli.

Sasa kusoma. Karibu picha zote zilipigwa kiangazi, na hilo ni bahati kwetu. Miti ya miombo imepukutisha majani, inaonekana kijivu chenye chenga, lakini mkorosho hauachi majani. Kwenye 1:40,000 kichwa chake cha mita 10 ni robo milimita, doa jeusi lenye upana wa pikseli kama 12. Madoa yaliyopangwa kwa umbali sawa ni shamba lililopandwa kwa mpango. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, miti 69 kwa hekta, na ukipima umbali huo kwenye picha ujue upo kwenye upanzi wa kitaalamu. Mikorosho ya kienyeji imesongamana, vichwa vimegusana, inafanana na kichaka. Tazama kivuli: kichaka cha Makonde kina uso wa chenga na kimo kimoja, mikorosho iliyogusana ina mabonde madogo ya mviringo kati ya vichwa.

Doa kubwa zaidi, peke yake au matatu manne pamoja, lenye kivuli kirefu, mara nyingi ni mwembe. Na mwembe katikati ya pori ni hame. Hapa ndipo picha za kabla na baada ya operesheni ya vijiji zinapozungumza zenyewe. Katika picha za miaka ya 1950 na 1960 nyumba zimetawanyika, kila kaya na miti yake na uwanja mweupe uliofagiliwa. Watu walipokusanywa kwenye vijiji, 1973 hadi 1976, yale mauwanja meupe yalifutika ndani ya masika machache, ila miembe na minazi ilibaki imesimama mahali pake. Ukitaka kujua palikuwa na watu, hesabu miembe.

Mikorosho ilipata hasara ileile: shamba likawa mbali na kijiji, nyasi na vichaka vikapanda, moto ukafuata. Mauzo ya korosho ya nchi yalifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka mpaka kati ya miaka ya 1980. Lakini usiibebeshe picha mzigo wote wa maelezo. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nao uliingia, na bei nayo haikuwa rafiki, na vyote hivyo havionekani kutoka angani. Picha inakuambia shamba liliachwa lini, kati ya tarehe mbili. Basi.

Mtego wa kiangazi ni moto. Eneo lililoungua Agosti linatoka jeusi kwenye picha isiyo na rangi, na wengi wamelichora kama msitu mnene, kisha wakatangaza ukataji wa kutisha walipoona nyika mahali hapo kwenye picha ya pili. Weusi wa moto ni laini, hauna vivuli, na upande mmoja una makali kama uliokatwa kwa kisu pale moto uliposimama kwenye njia. Msitu una chenga na una kivuli ukingoni. Kuhusu vivuli: kiangazi jua letu liko kaskazini, kivuli kinaanguka kusini, na jicho linaona kilima kama kilima. Picha ya Desemba jua liko kusini. Iweke kaskazini juu na mabonde yatakugeukia kuwa vilima. Ipindue tu.

Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni zoezi zuri la kujifunzia. Barabara ya zamani inakata kona ghafla, reli haiwezi. Fuata mstari mwembamba usio na kona, unaopita kwenye mikato na matuta, na utauona hata pale ambapo leo juu yake pameota miti: mstari wa uoto wenye rangi tofauti kidogo. Nachingwea kwenyewe, tafuta mapande makubwa yenye kingo zilizonyooka ambazo hazifuati njia yoyote ya wenyeji. Mradi ulifutwa 1951, kingo zikabaki.

Pwani ni ngumu kuliko bara, kwa sababu ya maji. Bamvua letu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 50 utasogeza ukingo wa maji mita 150 kati ya kujaa na kupwa siku hiyohiyo, na kwenye tope la hori ya Lukuledi ni zaidi. Ukichora ukingo wa maji umechora saa ya mpiga picha. Na kuna jambo ambalo kila mvuvi analijua: wakati wa bamvua maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kama saa 4 asubuhi. Ndege zilipiga picha asubuhi, kabla ya mawingu. Kwa hiyo picha ya asubuhi ya bamvua inaonyesha pwani kavu, mafungu yote nje, na picha ya asubuhi ya maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, inaonyesha maji yamejaa. Weka hizo mbili pamoja na utaona kisiwa kimezama. Chukua tarehe kwenye ukanda wa pembeni, tafuta mwezi ulikuwa wa siku ngapi, soma saa, ndipo uamue.

Mstari wa kuchora ni ule wa uoto: majani ya kwanza ya kudumu juu ya mchanga, au ukingo wa nyuma wa mikoko. Mikoko hutoka nyeusi na laini, imekatwa na vijito kama mishipa ya jani. Nyuma yake mara nyingi kuna uwanda mweupe mtupu wenye chumvi, usioota kitu. Mabwawa ya chumvi mengi huchimbwa hapo, kwa hiyo kabla hujaandika kwamba bwawa fulani lilikata mikoko, tazama kama mahali pake kwenye picha ya zamani ni peusi au ni peupe. Na picha ya Lindi ijue iko upande gani wa Aprili 1952, maana mwezi huo kimbunga kilipiga pale, na minazi iliyopotea haikupotezwa na mtu.

Mwisho wa kazi ni hesabu ambayo wengi wanairuka. Chukua kosa la kila chanzo, lipigie kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo. Picha ya zamani mita 12 kwenye zile pointi tano za kuhakiki, ramani mita 25 (nusu milimita ya 1:50,000), mkono wako mita 5: jumla ni mita 28. Mabadiliko yoyote chini ya hapo hayaandikwi, hata yakiwa yanapendeza. Ukigawa kwa miaka 50 maana yake huwezi kuona ulaji wa pwani ulio chini ya nusu mita kwa mwaka. Ukiiweka ramani pembeni na kulinganisha picha na setilaiti yenye kosa la mita 8, unashuka hadi mita 15 hivi.

Kisha chapisha kipande cha picha ya zamani kwenye A3, kwa skeli ya 1:10,000 hivi, bila kuweka majina, na uende nayo kijijini. Usimwulize mzee mwaka. Muulize kama ilikuwa kabla ya vijiji vya ujamaa au baada, treni ilikuwa inapita au ilishang'olewa. Mwelekeze karatasi upande uleule aliokaa yeye, na mwanzishie kwenye kitu kimoja anachokijua, msikiti au njia ya kushukia mtoni. Kile kinjia cha mita moja kinaonekana hata kwenye 1:40,000, kwa sababu mchanga wake ni mweupe. Akishakifuata kwa kidole mpaka mahali kinapogawanyika, kaa kimya na uandike majina ya mahame kwa mpangilio anaoyataja yeye.